Nia, Mazoea na Afya Yetu

Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili wa darasa la tano. Wote wana umri wa miaka 11, wanaishi katika kijiji kimoja na wanakula vyakula vinavyofanana. Siku moja, katika kipindi cha michezo, mwalimu aliwaambia wakimbie kuzunguka kiwanja cha mpira. Wote wawili walichoka kabla ya kumaliza, wakaanza kutembea. Wa kwanza alisema, "Leo nimefika nusu. Kesho nitajaribu kupita hapo." Wa pili alisema, "Mimi sikuumbwa kwa mbio," akaenda kukaa chini ya mwembe. Tangu siku hiyo, kila kipindi cha michezo kilipofika, alikaa pale pale.

Muhula ulipokwisha, mwanafunzi wa kwanza aliweza kuzunguka kiwanja mara tatu. Wa pili alihema hata alipopanda kilima cha kwenda shuleni. Je, ni jambo gani lililowatofautisha? Katika sura hii tutachunguza jinsi nia na mazoea ya kila siku yanavyojenga mwili au kuudhoofisha.

Afya na ukakamavu

Afya njema si kukosa ugonjwa tu. Mtu mwenye afya njema ni mzima wa mwili na wa akili, tena anaishi vizuri na wenzake. Ukakamavu ni uwezo wa mwili wa kufanya kazi bila kuchoka upesi, na wa kurudi katika utulivu haraka baada ya kazi.

Mwili hujijenga kufuatana na kazi unayopewa. Msuli utumikao kila siku hukua na kupata nguvu, na msuli usiotumika hunywea. Labda umewahi kumwona mtu aliyevunjika mguu, akafungwa plasta ngumu kwa wiki nyingi. Plasta inapoondolewa, mguu ule huonekana mwembamba kuliko mwenzake. Misuli yake imepungua kwa kukosa kazi. Lakini akianza tena kuutumia polepole, misuli hurudi.

Moyo nao ni msuli. Kwa hiyo, moyo pia huimarika kwa kazi.

Jaribio: Kupima mapigo ya moyo

Vifaa: saa yenye mshale wa sekunde, daftari na kalamu. Fanyeni jaribio hili wawili wawili.

1. Kaa kimya kwa dakika 5. Weka vidole viwili vya mkono mmoja juu ya kifundo cha mkono wa pili, upande wa kidole gumba. Utahisi mshipa wa damu ukipiga. 
2. Mwenzako atazame saa. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Hayo ni mapigo yako kwa dakika. Yaandike.
3. Simama, uruke ruke mahali ulipo kwa dakika 2. 
4. Hesabu tena mapigo mara tu unapoacha kuruka. Yaandike.
5. Kaa kwa dakika 5, kisha hesabu kwa mara ya tatu.

Mwanafunzi mgonjwa, au aliyeshauriwa na mganga asifanye mazoezi, asiruke. Yeye awe mtunza saa.

Umeona nini? Mtoto wa umri wako akitulia, moyo wake kwa kawaida hupiga kati ya mara 70 na 100 kwa dakika. Baada ya kuruka, mapigo huongezeka sana. Sababu ni kwamba misuli inayofanya kazi inahitaji oksijeni na chakula kingi zaidi, na vyote hivyo huletwa na damu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu ipatayo lita 5 kwa dakika. Afanyapo kazi nzito, unaweza kusukuma lita 20, yaani debe zima, kwa dakika moja tu.

Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi katika kila pigo. Kwa hiyo mwenye moyo huo akitulia, hauna haja ya kupiga mara nyingi. Ukipunguza mapigo 5 katika kila dakika, utapunguza mapigo 300 kwa saa, na mapigo 7,200 kwa siku moja. Huo ni mzigo mkubwa ulioondolewa moyoni.

Mazoea yanayojenga mwili

Mazoea ni jambo tunalolirudia mpaka tunalifanya bila kufikiri sana. Wahenga walisema: Haba na haba hujaza kibaba. Chunguza mazoea yafuatayo.

Mazoezi. Mtoto anahitaji kuuchangamsha mwili kwa muda usiopungua dakika 60 kila siku. Si lazima awe na mpira wa kununua. Kutembea kwenda shule kwa mwendo wa haraka, kuruka kamba, kulima bustani na kuteka maji ni kazi zinazohesabiwa pia.

Chakula. Mwili unahitaji vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kuulinda. Ugali kwa maharage, mboga za majani na papai ni mlo mzuri usio wa gharama kubwa. Soda, biskuti na peremende zina sukari nyingi. Zikiliwa kila siku huharibu meno na kuongeza mafuta mwilini. Chumvi nayo iwe kidogo. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai.

Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila usiku. Wakati huo mwili hukua na kujitengeneza.

Kujiepusha na sumu. Moshi wa tumbaku hudhuru mapafu na moyo. Pombe hudhuru ini na ubongo. Aliye mdogo akianza mazoea hayo, huona vigumu kuyaacha akiwa mkubwa.

Magonjwa mengi ya watu wazima, kama vile shinikizo kubwa la damu na aina moja ya kisukari, hujengeka polepole kwa miaka mingi. Mara nyingi mgonjwa haoni dalili yoyote hapo mwanzo. Kwa hiyo kazi ya kuyazuia huanza utotoni. Samaki mkunje angali mbichi.

Kazi ya nia

Fikra na mwili havitengani. Kumbuka siku uliposikia mbwa akibweka ghafla nyuma yako gizani. Moyo ulienda mbio kabla hujapiga hatua hata moja! Ubongo ulikuwa umeuandaa mwili kukimbia. Hali hiyo ni nzuri ikiwa ya muda mfupi. Lakini mtu mwenye wasiwasi siku nyingi hukosa usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kujifunza. Kumweleza mzazi au mwalimu jambo linalokusumbua ni njia mojawapo ya kutunza afya.

Nia hufanya kazi kwa njia nyingine pia. Mtu asemaye "siwezi" hajaribu. Asipojaribu, misuli yake haipati kazi, na isipopata kazi hudhoofika. Mwishowe anashindwa kweli, naye huamini kwamba alisema kweli tangu mwanzo. Hivyo ndivyo ilivyompata mwanafunzi aliyekaa chini ya mwembe. Mwenzake hakuwa na miguu ya ajabu. Alijipima na nafsi yake ya jana, akaongeza hatua chache kila mara.

Mfano kutoka historia yetu

Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote. Kila kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma kijitabu, kisha kikajadili jinsi ya kuzuia magonjwa kama malaria, kichocho na kuhara. Baada ya majadiliano, wanakikundi waliamua jambo la kutenda. Walifyeka majani karibu na nyumba, walifukia madimbwi na kuchimba vyoo vingi.

Tazama mpango wa kazi hiyo. Kwanza watu walipata elimu, halafu waliamua, kisha wakatenda. Tena walifanya hivyo pamoja. Choo cha nyumba moja hakitoshi kuzuia kuhara ikiwa majirani wote hawana vyoo. Baadhi ya mambo ya afya yanahitaji nia ya kijiji kizima.

Tahadhari

Nia njema ina mipaka yake. Mtoto mwenye malaria haponi kwa kukaza moyo, anahitaji dawa. Ugonjwa wa selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi, na pumu hubana njia za hewa. Wenye magonjwa hayo hawakuyatafuta kwa uvivu. Tena iko aina ya kisukari inayowapata watoto bila kosa lao lolote. Usimcheke mwenzako anayechoka upesi. Mwambie mwalimu, ili mtoto huyo apelekwe zahanati achunguzwe.

Mambo ya kukumbuka

Mwili huimarika kwa kazi na hudhoofika kwa kukosa kazi. 
Mazoea madogo ya kila siku huwa na matokeo makubwa baada ya miaka mingi. 
Nia huanzisha mazoea, nayo mazoea hujenga afya. 
Mgonjwa anahitaji matibabu na msaada, si lawama.

Kazi ya kufanya

Rudia jaribio la mapigo ya moyo mara moja kila wiki kwa wiki 4. Lifanye siku ile ile na saa ile ile, kabla ya chakula cha mchana. Katika wiki hizo, fanya mazoezi kila siku. Chora jedwali la matokeo yako. Usishindane na jirani yako. Linganisha wiki yako ya kwanza na ya nne. Ikiwa badiliko ni dogo au halipo, andika hivyo hivyo ulivyoona.

Maswali

1. Eleza maana ya ukakamavu. 
2. Kwa nini mapigo ya moyo huongezeka tunaporuka? 
3. Moyo wa Mwajuma hupiga mara 80 kwa dakika anapotulia. Kwa kiasi hicho, hupiga mara ngapi kwa saa moja? 
4. Taja mazoea mawili mazuri uliyo nayo, na moja unalotaka kulibadili. Utaanzaje? 
5. Kwa nini haifai kusema kwamba kila mgonjwa amejitakia?