Mto wa Mbu: jina lililoshindwa kufukuza watu

Ukitoka Arusha kwenda Ngorongoro, ukishaiacha njia panda ya Makuyuni, unapita nyika kavu ya Wamaasai hadi barabara inapozama ghafla katika kijani cha migomba na mpunga. Umefika Mto wa Mbu, wilayani Monduli, chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Jina halina fumbo: mto upo, na mbu wapo. La kujiuliza ni jinsi Kiswahili kilivyopenya katika nchi ya Wamaasai. Ziwa la jirani, Manyara, linasemekana kuitwa kwa jina la Kimaasai la mnyaa, mmea wa utomvu mweupe unaopandwa kuzungushia maboma. Hilo ni jina la wafugaji. Lakini mfugaji hunywesha ng'ombe wake na kurudi pakavu. Anayekesha akijipiga makofi ni msafiri aliyepiga kambi, au mkulima.

Chanzo cha mbu hao kiko milimani. Mvua inayonyesha nyanda za juu za Ngorongoro hupenya miamba ya volkano, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikabubujika kama chemchemi miguuni pa ukingo. Ndiyo maana Hifadhi ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960, ina msitu wa miti mirefu mahali penye mvua haba. Maji yasiyokauka, joto, madimbwi: mbu aina ya anofelesi atake nini tena? Wazungu wa zamani waliisingizia homa migunga yenye gome la manjano, kwa kuwa huota penye majimaji. Ni mwaka 1897 tu ndipo Ronald Ross alipogundua vimelea vya malaria tumboni mwa mbu. Kijiji hiki angalau kimemtaja mshukiwa halisi.

Ila maji hayo hayo ndiyo yaliyowavuta watu. Umwagiliaji ulipopanuka katika miaka ya 1950, wahamiaji walimiminika: Wachaga na mbege yao, Waha wa Kigoma na mafuta ya mawese, Wairaqw kutoka juu ya ukingo, baadaye Wamakonde na vinyago. Waongoza watalii hupenda kusema makabila yote 120 na ushee ya Tanzania yana mtu wao hapa. Hesabu hiyo huenda imetiwa chumvi, lakini katika mchanganyiko wa namna hiyo ni lugha gani nyingine ingebaki kwenye kibao?

Wala si wakulima wa kwanza kuyatega maji ya ukingo huu. Kaskazini, huko Engaruka, mabaki ya mifereji na matuta ya mawe yanaonyesha jamii iliyomwagilia mashamba kwa karne kadhaa, kisha ikapahama katika karne ya 18.

Mto wa Mbu haujaonyesha dalili ya kuhamwa. Ndizi nyekundu zinauzwa kando ya lami, magari ya watalii yanasimama, na majaruba ya mpunga yanaendelea kuongezwa, kila moja likiwa mazalio mapya ya mwenye jina.