Usonji na Hatari ya Moto: Fundisho Kutoka Nchi Jirani

Tarehe 25 Oktoba mwaka 2022, usiku wa manane, moto uliteketeza bweni la Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono nchini Uganda. Watu 11 walikufa, wengi wao watoto. Mwezi Septemba mwaka 2024, wanafunzi 21 wa shule ya Hillside Endarasha, katika Kaunti ya Nyeri nchini Kenya, walipoteza maisha kwa moto uliozuka bwenini usiku. Kabla ya hapo, mwezi Machi mwaka 2001, wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yake yamewekewa nondo.

Misiba hiyo ya majirani inatoa fundisho moja, nalo ni kwamba moto hauui kwa miali na moshi pekee. Huua pia kwa mlango usiofunguka, na kwa kutojulikana mapema nani yumo ndani na anahitaji msaada wa namna gani. Fundisho hilo linawahusu watu wote, lakini linawahusu zaidi watu wenye usonji na jamaa zao.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni. Hauambukizi, wala hautokani na laana au malezi mabaya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Kwa hesabu hiyo, askari wanaolinda mji wa watu laki moja wanalinda pia watu wapatao 800 wenye usonji. Baadhi yao huzungumza na kufanya kazi kama kawaida. Wengine hawasemi kabisa, na kelele au mwanga mkali huwatesa kuliko unavyowatesa watu wengine.

Wakati wa hatari tofauti hiyo huwa ni jambo la kufa au kupona. King'ora kinachowaamsha wengine wakimbilie nje chaweza kumfanya mtoto mwenye usonji azibe masikio na kujificha uvunguni mwa kitanda. Askari wa zimamoto aliyevaa kofia ya chuma na kinyago cha hewa huonekana kwake kuwa kitu cha kutisha, si mwokozi. Akiitwa jina huenda asiitike. Akishaokolewa, anaweza kuchomoka na kurudi ndani ya nyumba inayoungua, kwa kuwa ndimo alimozoea kupata usalama.

Wazazi nao wamo katika mtihani mgumu. Watoto wengi wenye usonji hutoka nyumbani bila kuaga, na baadhi yao huvutwa na maji wakazama. Kwa hiyo mzazi hufunga mlango kwa kufuli na kuficha ufunguo. Hakuna haki ya kumlaumu, maana anaokoa maisha ya mwanawe kila siku. Hata hivyo, kufuli hilo hilo ndilo litakalowafungia wote ndani siku ya moto. Lifaalo ni komeo la juu asilolifikia mtoto, ambalo mtu mzima hulifungua kwa ndani bila ufunguo, pamoja na kengele ndogo mlangoni ya kuwashtua wenye nyumba. Mahali pasipokwepeka kufuli, kila mtu mzima wa nyumba sharti ajue ufunguo unapotundikwa, hata gizani.

Jambo la pili ni mazoezi. Askari anajua kwamba lile alilolirudia mara mia gwarideni hulitenda bila kufikiri. Mtoto mwenye usonji, ambaye aghalabu hupenda utaratibu usiobadilika, aweza kufundishwa hivyo hivyo: mlango ule ule, njia ile ile, mti ule ule wa kukusanyikia, kwa msaada wa picha, na kwa sauti ya king'ora inayoongezwa kidogo kidogo. Jambo la tatu ni taarifa. Majirani, mjumbe wa nyumba kumi, shule na kituo cha polisi wajulishwe mapema jina la mhusika, chumba anacholala, kinachomtisha na kinachomtuliza.

Kwa upande wa askari, kosa kubwa ni kudhani kwamba ukimya ni ukaidi. Ubaya wa kosa hilo ulionekana mbali na Afrika Mashariki, mjini North Miami nchini Marekani, mwezi Julai mwaka 2016. Polisi waliambiwa kwamba kulikuwa na mtu mwenye silaha barabarani. Kumbe alikuwa kijana mwenye usonji aliyeshika gari la kuchezea. Mtunzaji wake alilala chali akiinua mikono na kueleza hali halisi, lakini askari mmoja alifyatua risasi, ikampata mtunzaji huyo mguuni.

Kwa hiyo inapasa askari mmoja tu aseme, kwa maneno machache na sauti ya chini, kisha asubiri jibu. King'ora na taa za gari zizimwe inapowezekana. Mtu asishikwe ghafla kama hatari haijamfikia. Na ikiwa imemfikia, abebwe bila kuchelewa. Asinyang'anywe kitu alichokishikilia kama si cha hatari. Akishatolewa, awekewe mtu wa kukaa naye, na akaguliwe mwili mzima, maana huenda ameungua asiweze kusema. Akipotea, msako uanzie kwenye visima, mito na mabwawa.

Hayo si hisani. Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, huzitaka serikali ziwalinde watu hao wakati wa maafa. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Lakini mkataba hauvunji mlango unaowaka moto. Kazi hiyo ni ya askari wa zamu, na ataifanya vema ikiwa alijua, kabla ya moto kuwaka, ni nani aliye nyuma ya mlango huo.