Mpira unaopanda mwinuko: hesabu yake inafanywaje?

Wanafunzi wa sekondari, na wazazi mnaowasimamia nyumbani, leo tunafafanua swali la fizikia linalowapotezea wengi alama.

Tuseme mpira unaanza kupanda mwinuko kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde. Kila sekunde, kasi inapungua kwa mita 2 kwa sekunde. Ukianza kushuka, kasi inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Je, baada ya sekunde 4 uko wapi?

Kwanza, chagua upande wa chanya. Tukichagua wa kupanda, mchapuko ni hasi 2.

Pili, tafuta unaposimama. 6 gawanya kwa 2 ni sekunde 3. Kasi ya wastani ni 3, kwa hiyo umepanda mita 9.

Tatu, sekunde moja iliyobaki unashuka. Kasi inatoka 0 hadi 2, wastani 1, kwa hiyo umeshuka mita 1.

Jibu: uko mita 8 kutoka ulipoanzia. Lakini safari yote ni mita 10. Soma vizuri swali linataka lipi.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba mpira ukisimama pale juu, mchapuko nao ni sifuri. Hapana. Dunia bado inauvuta, ndiyo maana unarudi.

Gari likizimika mlimani ni vivyo hivyo. Kusimama kwake si usalama: usikae nyuma yake, na dereva asiachie breki kabla gurudumu halijawekewa jiwe.