Kuwa kama mtoto mbele za Mungu si utoto

Aghalabu Mkristo anapoambiwa awe kama mtoto mdogo, hudhani anatakiwa kuacha kufikiri na kukubali kila aambiwalo. Dhana hiyo ni potovu. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho wasiwe watoto katika akili zao, bali katika uovu tu. Je, Yesu alikuwa na maana gani?

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, wanafunzi wanamwuliza Yesu ni nani aliye mkuu katika ufalme wa mbinguni. Naye anamwita mtoto na kumsimamisha kati yao. Katika jamii ya wakati ule, mtoto hakuwa na cheo, mali wala kauli barazani. Alitegemea wengine kwa chakula na ulinzi, wala hakuona haya kuomba. Anayesifiwa hapa si asiye na kosa, bali asiye na cha kujivunia.

Miongoni mwa waliolielewa fundisho hili ni Thérèse Martin, ambaye Wakatoliki humwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, akajiunga na watawa Wakarmeli mjini Lisieux akiwa na umri wa miaka 15, na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Alipojilinganisha na watakatifu wa kale, alijiona kama chembe ya mchanga mbele ya mlima. Hata hivyo, hakukata tamaa. Alikuwa ameona lifti katika nyumba za matajiri, akasema kuwa mikono ya Yesu ndiyo lifti yake. Hivyo basi, hakuhitaji kukua. Alihitaji kubaki mdogo ili abebwe.

Isidhaniwe kuwa njia hiyo ilikuwa nyepesi. Kuanzia Pasaka ya mwaka 1896, giza zito liliivamia imani yake. Hakujifanya shujaa, bali alimwandikia mkuu wake wa utawa habari za giza hilo bila kuficha. Mwaka 1997, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Hapo ndipo penye mtihani kwa waumini wa leo. Wengi hutoa ushuhuda wa ushindi kanisani, ilhali nyumbani wamelemewa na madeni, huzuni au ndoa inayoyumba. Mficha uchi hazai. Unyenyekevu wa mtoto huanza pale mtu anapomwambia Mungu, na angalau mwenzake mmoja amwaminiye, kwamba ameshindwa na anahitaji msaada.

Fauka ya hayo, udhaifu unaofichuliwa huhitaji mahali salama. Katika sura iyo hiyo ya 18, Yesu anasema kwamba amkoseshaye mmoja wa wadogo hao, ingemfaa afungwe jiwe la kusagia shingoni na kutoswa baharini. Kwa hiyo, kiongozi anayetumia unyenyekevu wa waumini kuwanyamazisha au kuwanyonya hana kinga katika fundisho hili. Yeye ndiye wa kwanza kutakiwa awe mdogo.