Mizani Ikipanda Kabla ya Upasuaji

Mama mmoja alinijia akilia. Ana unene mwingi na ugonjwa wa sukari, na alikuwa amepangiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo. Kabla ya siku hiyo alipewa wiki 2 za chakula kidogo: mayai, samaki, mboga, maziwa. Ugali na chapati, hapana. Wiki ya kwanza alipungua kilo 3. Jumamosi akaenda arusi, akala pilau. Jumatatu mizani ikapanda kilo moja na nusu. "Dada, nimeharibu kila kitu."

Kumbe sivyo. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu 3 za maji. Ukiacha ugali, akiba inaisha na maji yanatoka kwa mkojo. Ukila wanga na chumvi, maji yanarudi. Hedhi na kukosa choo pia huchezea mizani.

Chakula hicho hasa ni kwa ajili ya ini. Ini lenye mafuta huwa kubwa, linafunika tumbo na kumzuia daktari. Likinywea, kazi huwa rahisi na salama zaidi. Mizani haikuonyeshi hilo. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula.

Lililonitisha ni lingine. Mama huyo alitaka kukaa siku 2 bila kula ili "alipe" ile kilo, na huku anameza dawa za sukari! Kwa baadhi ya dawa hizo, sukari inaweza kushuka hadi mtu azirai. Tulikwenda kwa daktari siku hiyo hiyo, dawa ikapunguzwa.