Jiwe Jeupe na Dhahabu Iliyomo Ndani Yake

Dhahabu imetawanyika karibu kila mahali katika gamba la dunia, lakini kwa uhaba mkubwa: tani moja ya mwamba wa kawaida ina miligramu chache tu. Mgodi wa chini ya ardhi huhitaji gramu kadhaa katika kila tani. Basi kabla mchimbaji hajainua sururu, sharti maumbile yawe yamekwisha kuikusanya dhahabu hiyo mara elfu moja au zaidi. Kazi hiyo ilifanywa na maji.

Wengi hudhani kwamba dhahabu iliyeyushwa na moto wa chini ikamiminika katika nyufa. Sivyo. Dhahabu huyeyuka katika nyuzi 1,064 za Sentigredi, ilhali maji yaliyoijenga mishipa ya namna hii kwa kawaida yalikuwa na joto la nyuzi 250 hadi 400. Yalikuwa kilometa kadhaa chini ya ardhi, yakibanwa na uzito wa miamba hata yasiweze kuchemka. Ndani yake mlikuwa na silika, hewa ya ukaa na salfa. Salfa ndiyo iliyoishika dhahabu na kuifanya isafiri pamoja na maji.

Katika miamba ya Geita, Kahama na Musoma, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, maji hayo yalipanda kwa kufuata nyufa kubwa. Ufa ulipofunguka ghafla, mgandamizo ulishuka, na silika ikaganda kuwa kwatsi. Kwatsi ikauziba ufa. Mgandamizo ukajijenga upya. Ufa ukapasuka tena. Ndiyo maana mishipa mingi iliyo mizuri ina tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Mahali ambapo kuta za ufa zilikuwa na chuma kingi, salfa iliiacha dhahabu ikaungana na chuma kuwa pairaiti. Dhahabu, ikiwa imekosa mchukuzi, ikaganda papo hapo. Kwa sababu hiyo huko Geita hupatikana hata katika miamba ya chuma yenye milia, si katika kwatsi peke yake.

Weupe wa kwatsi nao una siri yake: hutokana na vitone vidogo mno vya maji yale yale ya kale, vilivyonaswa ndani ya jiwe. Wanajiolojia huvipasha moto chini ya hadubini hadi kiputo kilichomo kitoweke, wakapata kukisia joto la wakati ule.

Hata hivyo weupe si dalili ya utajiri. Kwatsi nyeupe tupu, isiyo na doa, mara nyingi haina kitu, na kulichimbia shimo jiwe la aina hiyo ni kupoteza miezi ya jasho, na pengine maisha ya watu. Mtafutaji mzoefu hupendelea jiwe lisilovutia macho: lenye kutu ya kahawia na vitundu vitundu, mahali ambapo pairaiti imeoza na kuoshwa na mvua. Pairaiti yenyewe imewadanganya wengi. Ikigongwa kwa nyundo huvunjika, na ikisuguliwa juu ya kigae kisichong'arishwa huacha alama nyeusi yenye ukijani. Dhahabu hupondeka ikawa bapa, na alama yake ni ya manjano.

Mshipa wenyewe mara nyingi umefunikwa na udongo. Hapo mtafutaji huanza bondeni, huosha udongo katika karai na kuhesabu chembe zinazobaki, kwani dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji na kwatsi haifiki mara 3. Hupanda mteremko hatua kwa hatua akirudia kazi hiyo. Chembe zilizosafiri mbali huwa zimeviringika. Zilizo karibu na chimbuko huwa na ncha kali, pengine zimeshikana na kipande cha kwatsi. Chembe zikikoma ghafla, amekwisha kuupita mshipa. Hurudi nyuma hadi karai la mwisho lililokuwa na dhahabu, na kati ya sehemu hizo mbili huchimba mtaro wa kuukata mteremko, kutoka juu kwenda chini.