Hofu ya Bahasha: Je, Kadi ya Sikukuu Iliweza Kuleta Korona?

Desemba 2020 watu wengi walijikuta na swali ambalo mwaka mmoja nyuma lingewachekesha: kadi ya Krismasi iliyofika kwa posta ifunguliwe leo, au ikae kwanza mlangoni siku tatu? Marekani, Kanada na Uingereza, ambako kadi za Desemba bado hutumwa kwa mamilioni, kuna waliozifuta bahasha kwa dawa, kuna waliozianika juani, na kuna waliozifungua wakiwa na glavu. Watumaji nao walikuwa na lao: je, ni uungwana kumpelekea bibi mwenye kisukari karatasi iliyopita katika mikono ya watu asiowajua?

Afrika Mashariki salamu nyingi za Krismasi na Idi zilikuwa zimeshahamia kwenye simu, kwa hiyo hofu hiyohiyo ilikaa kwenye noti na sarafu. Machi 2020 Kenya iliondoa ada ya kutumiana kiasi kidogo cha pesa kwa simu, sababu mojawapo ikiwa kupunguza kupokezana fedha taslimu.

Waliouliza hawakuwa wajinga. Ugonjwa ulikuwa mgeni, na taarifa za mwanzo zilitisha kweli. Leo jibu lipo, na ni vizuri tukalishika, maana mlipuko mwingine ukija swali litakuja nalo.

Namba zilizotutisha

Machi 17, 2020, jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Marekani waliodondosha kirusi cha korona juu ya vitu mbalimbali na kupima kilidumu hai muda gani. Kwenye shaba kilidumu hadi saa 4, kwenye boksi la karatasi ngumu hadi saa 24, kwenye chuma cha pua saa 48, na kwenye plastiki saa 72. Namba hizo zilienea kote duniani, na hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya kuacha mzigo nje siku tatu.

Siku chache baadaye ikaja habari ya meli ya Diamond Princess iliyozuiliwa Japani. Alama za kirusi zilipatikana katika vyumba vya meli hiyo hadi siku 17 baada ya abiria kuondoka, kabla vyumba havijasafishwa. Oktoba mwaka huohuo watafiti wa Australia wakatangaza kwamba kirusi kilibaki hai siku 28 juu ya kioo na noti katika nyuzi joto 20. Mtu aliyesoma vichwa vya habari vya mwaka ule kwa mfululizo angeona muda ukirefuka tu: siku 1, siku 3, siku 17, siku 28. Kwa nini basi aiamini bahasha?

Maabara si sanduku la posta

Namba zote hizo zilikuwa sahihi, ila kila moja ilijibu swali lake. Tuanze na meli. Kilichopatikana mle vyumbani ni vinasaba vya kirusi, yaani mabaki yake. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba, na hakiwezi kutofautisha kirusi kilicho hai na kilichokwisha kufa. Hakuna aliyeonyesha kwamba mabaki yale yangeweza kumwambukiza mtu.

Wale wa Australia walikuwa na kirusi hai, lakini walikiweka gizani ili mwanga wa jua usikiguse, katika joto lisilobadilika na unyevu wa wastani. Walipopandisha joto hadi nyuzi 40, kwenye baadhi ya vitu hakikumaliza hata saa 24. Kwa mkazi wa Mombasa au Muscat, ambaye kadi yake husafiri ndani ya gari lililochomwa na jua, matokeo hayo ya pili yana maana zaidi kuliko ya kwanza.

Kisha kuna suala la kiasi. Katika maabara hudondoshwa tone lenye virusi vingi mno, ili mtafiti apate kitu cha kuhesabu kadiri vinavyopungua. Mwaka 2020 Emanuel Goldman, mtaalamu wa vijidudu wa Chuo Kikuu cha Rutgers, aliandika katika jarida la Lancet la magonjwa ya kuambukiza kwamba majaribio mengi ya aina hiyo yalianza na virusi vingi kupita kiasi ambacho mgonjwa angeacha kwa kukohoa juu ya kitu. Ukianza na vingi sana, lazima vikawie kwisha.

Karatasi yenyewe ina tabia yake. Katika jaribio la Hong Kong lililochapishwa Aprili 2020, kwenye karatasi ya kawaida ya kuchapia hakikupatikana kirusi hai baada ya saa 3, ilhali kwenye plastiki na chuma cha pua kilipatikana kwa siku kadhaa. Karatasi ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hunyonya unyevu wa tone, tone hukauka upesi, na kirusi cha korona, ambacho kimezungukwa na utando wa mafuta, hakivumilii ukavu. Utando huohuo ndio unaokifanya kishindwe na sabuni: sabuni huuyeyusha kama inavyoyeyusha mafuta ya pilau yaliyoganda kwenye sufuria.

Kadi inayong'aa, yenye rangi nzito au iliyopakwa plastiki, hukauka polepole zaidi, kwa hiyo tuihesabu kama plastiki. Utafiti ule wa Marekani ulionyesha kwamba kwenye plastiki nusu ya virusi hufa kila baada ya saa 7 hivi. Kadi ikikaa njiani siku tatu, hesabu hiyo hujirudia mara kumi: nusu, robo, thumuni, na kuendelea. Mwishoni kinabaki kirusi kimoja katika kila elfu moja vilivyokuwapo mwanzoni. Kadi inayotoka Toronto kwenda S.L.P. ya Arusha hukaa njiani muda mrefu zaidi ya huo. Na Desemba 2020 posta ya Marekani ililemewa na vifurushi hata kadi nyingi zikachelewa sana. Ucheleweshaji uliowakera watu ulikuwa karantini ya bure.

Kutoka bahasha hadi puani

Ili kadi imwambukize mtu, mambo mengi yanapaswa kufuatana bila kukosa hata moja. Mtumaji awe mgonjwa, aache mate au kamasi ya kutosha juu ya karatasi, virusi viishi safari nzima, vihamie kwenye kidole cha mpokeaji, kidole kiguse pua, jicho au mdomo kabla hakijaoshwa, na virusi vilivyofika viwe vingi vya kutosha kuanzisha ugonjwa. Kila hatua hupunguza idadi. Aprili 2021 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa ujumla ni chini ya mara 1 katika 10,000. Na hapo tunazungumzia kitu ambacho tayari kina virusi. Bahasha nyingi hazikuwa navyo.

Kulikuwa na hofu moja yenye mantiki: ulimi. Bahasha nyingi hufungwa kwa kulambwa. Mate ya mgonjwa hubeba virusi vya korona, na hilo halina ubishi. Lakini mate hayo hubanwa chini ya mfuniko, hukauka humo, na mpokeaji huchana bahasha siku kadhaa baadaye. Anayetaka kuondoa hata mashaka hayo madogo atumie kitambaa chenye maji badala ya ulimi.

Barua zilizofukizwa moshi

Kuiogopa barua si jambo lililoanza na korona. Katika bandari za Mediterania, kwa karne nyingi, barua zilizotoka penye tauni zilishikwa kwa koleo, zikachovywa katika siki au kufukizwa moshi wa kiberiti. Nyingine zilichanwa au kutobolewa kwa misumari ili moshi uingie ndani, na wakusanyaji wa barua za kale bado wanazo zenye alama hizo. Kipindupindu kilipoingia Ulaya miaka ya 1830, kazi hiyo ilizidi. Mwaka 1878, homa ya manjano ilipoua watu zaidi ya 5,000 mjini Memphis, Marekani, barua zilifukizwa tena.

Kazi yote hiyo haikumponya mtu. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha London kwamba kipindupindu husambazwa na maji machafu. Mwaka 1900 tume ya Walter Reed nchini Kuba ilithibitisha alichokisema daktari Carlos Finlay tangu 1881: homa ya manjano huenezwa na mbu. Wakati makarani wakitoboa bahasha, mbu walikuwa wakizaliana katika mapipa ya maji uani.

Historia hiyo ilijirudia mwaka 2022. Katikati ya Januari, wiki chache kabla ya michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, maofisa wa Beijing walisema huenda mgonjwa wao wa kwanza wa korona aina ya omikroni aliambukizwa na barua kutoka Kanada, iliyosafiri siku nne kupitia Marekani na Hong Kong. Posta ya China iliagiza barua na vifurushi vya nje vipuliziwe dawa. Wataalamu wengi wa nje ya China hawakukubali maelezo hayo, kwa sababu zilezile tulizozieleza: muda, ukavu na kiasi.

Bahasha iliyoua kweli

Hata hivyo, kusema kwamba barua haiwezi kuua ni kosa. Mwaka 2001 nchini Marekani, mtu alituma kwa posta bahasha zenye unga wa vimelea vya kimeta kwa vyombo vya habari na maseneta wawili. Watu 5 walikufa na wengine 17 wakaugua. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wafanyakazi wa posta ambao hawakufungua bahasha yoyote: mashine za kuchambua barua zilizibana, unga ukavuja, nao wakauvuta kwa pumzi.

Wafugaji wanaijua tabia ya kimeta. Bakteria wake hujifungia katika mbegu ngumu inayoweza kulala udongoni miaka mingi ikingoja mnyama. Ukavu hauiui, na siku tatu za posta si kitu kwake. Kirusi cha korona hakina ganda hilo. Bahasha ni ileile, hatari ni mbili tofauti kabisa, na tofauti yake imo katika maumbile ya kimelea.

Hatari ilikuwa chumbani

Machi 10, 2020, wanakwaya 61 walifanya mazoezi kanisani katika kaunti ya Skagit, jimbo la Washington. Mlangoni kulikuwa na kitakasa mikono, na watu waliepuka kukumbatiana. Waliimba kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Baadaye watu 53 walihesabiwa kuwa wameugua, kwa vipimo au kwa dalili, na wawili wakafariki. Wachunguzi waliochambua tukio hilo waliona kwamba hewa waliyoivuta pamoja ndiyo iliyoeneza ugonjwa kwa sehemu kubwa.

Huko Guangzhou, China, mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina, Januari 24, 2020, familia tatu zisizojuana zilikula chakula cha mchana katika meza za jirani, ndani ya mgahawa usio na madirisha. Kiyoyozi kilizungusha hewa ileile juu ya meza hizo. Watu 10 waliugua. Kamera za mgahawa hazikuonyesha familia hizo zikikaribiana au kushika vitu vya pamoja kwa namna ya kueleza maambukizi hayo.

Kwaya, karamu, ndugu wamejaa sebuleni na madirisha yamefungwa kwa baridi: hiyo ndiyo sikukuu yenyewe, na ndimo hatari ilimokaa. Januari 2021, baada ya mikusanyiko ya Krismasi na Mwaka Mpya, Marekani ilizika wagonjwa wengi wa korona kuliko mwezi wowote uliotangulia. Hata katika posta, hatari kubwa ilikuwa kwa wafanyakazi waliopumua pamoja katika kumbi za kuchambua barua.

Kunawa mikono hakukuwa kazi bure, hasa ndani ya nyumba yenye mgonjwa, ambako watu hushika kikombe na kitasa kimoja ndani ya dakika chache. Huko, kunawa kwa maji tiririka na sabuni kulisaidia, na kunasaidia pia dhidi ya kuhara na kipindupindu. Kosa letu lilikuwa kutumia nguvu nyingi kwenye bahasha na kusahau dirisha.

Mlipuko ujao

Siku ugonjwa mpya utakapotangazwa, uliza mambo matatu kabla ya kuuliza kuhusu barua. Unaenea kwa njia gani: hewa, maji, mdudu, damu au ngozi? Kimelea chake huishi muda gani nje ya mwili? Na vinahitajika vingi kiasi gani ili mtu augue? Majibu hayafanani. Mpox, iliyoisumbua Kongo na Burundi mwaka 2024, huenezwa zaidi na ngozi kugusana, na mashuka na nguo za mgonjwa zinaweza kuibeba, jambo ambalo kwa korona lilikuwa dogo.

Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, mtu mwenye shughuli nyingi aliyetaka kuwasalimu rafiki zake bila kumwandikia kila mmoja barua. Chombo cha kusalimiana kwa mbali ndicho hasa kilichohitajika katika mwaka wa janga, na ndicho tulichokishuku. Kwa hiyo ukiletewa kadi wakati wa ugonjwa kama ule, ifungue, itupe bahasha, nawa mikono, isome. Na ukiwa wewe ndiye mgonjwa, tuma salamu zako kwa posta, usizipeleke mwenyewe.